Lita Mbili na Nusu

Baada ya kumtoa mtoto wa jicho, daktari alimkataza Mzee Marijani mambo manne: kuinama, kunyanyua vizito, kukaa kwenye vumbi na kukasirika. Sasa mtu ambaye uzee wake wote ni gari bovu la zamani, ukimkataza hayo manne umemwachia nini? Alikaa barazani kwake Mtoni, Temeke, jicho la kulia limezibwa kwa kitambaa cheupe, la kushoto nalo linaona ukungu mtupu, akawa anaendesha kazi zake kwa mdomo.

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen, zile zenye mgongo wa kobe, jeupe kama maziwa, la mwaka sabini na mbili. Mtaa mzima walilijua kwa jina la Kobe. Halikuwa gari la kwendea sokoni. Lilikuwa gari la maharusi. Kila Jumamosi katika miezi ya ndoa lilivalishwa maua na utepe, likabeba bibi harusi wa watu, na kodi hiyo ndiyo iliyowalisha tangu Marijani alipostaafu bandarini. Mkewe, Munira, ndiye aliyeshona mapambo. Mtoto wao wa pekee, Anwar, aliyekuwa akifanya kazi kwenye yadi ya makontena Kurasini, ndiye aliyekamata usukani, maana macho ya baba yake yalikuwa yameanza kumsaliti tangu mwaka juzi.

Ugomvi wa oili ulizuka siku ya Alhamisi. Anwar alirudi kazini na galoni la buluu la lita nne, oili ya gari za kisasa, zawadi ya bosi wake. Aliliweka mbele ya baba yake kwa furaha, kama mtu aliyemletea mgonjwa matunda. Mzee Marijani alilipapasa, akauliza ni oili namba ngapi, na alipoambiwa akalisukuma pembeni kwa mguu.

"Baba, hii ndiyo wanayotumia wote sasa hivi," Anwar alisema. "Nyepesi, ukiwasha tu ishafika juu. Ile yako ya kupima kwenye pipa inachelewa."

"Wote kina nani? Wenye rejeta. Gari langu lina rejeta?"

"Halina."

"Lina maji?"

"Halina, baba."

"Basi. Injini hii inapozwa na vitu viwili, upepo na oili. Inapumua kama mtu. Oili yako hiyo ikikutana na jua la Dar inageuka maji ya mchele. Mie naweka namba arobaini, nzito, lita mbili na nusu, isizidi isipungue. Kidumu kile pale, nimeshanunua. Unamwaga ile chafu, unaweka hiyo."

Anwar alikuwa mbishi, na ubishi wake aliurithi hapo hapo barazani. Alibisha kwa mambo aliyoyaona mtandaoni, alibisha kwa mafundi wa Kurasini, alibisha mpaka jirani yao, Mzee Suleiman, aliyekuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa, akasahau kikombe chake cha kahawa kikapoa. Mwisho Mzee Marijani alisema neno moja tu, kwamba gari ni lake, na Suleiman ni shahidi. Anwar akachukua kidumu na galoni lake, akazunguka nyuma ya nyumba.

Munira alikuwa mlangoni na cherehani yake. Maneno hayo ya injini kupumua alikuwa ameyasikia miaka thelathini, na kwa kuwa alikuwa ameyasikia miaka thelathini, hakuyasikia tena.

*

Harusi ya Jumamosi ilikuwa ya watu wa Tabata. Bwana harusi aliitwa Brightson, bibi harusi Gladness, na waliolipa walikuwa wazazi wa bwana harusi, Mzee Adelard na mkewe Demetria, watu waliotoka bara zamani wakajenga, wakasomesha, na sasa walitaka mtaa uone. Munira alifuatana na Kobe mpaka kanisani, kama kawaida yake, na mkoba wake wa pini na utepe.

Misa iliendelea ndani. Anwar, ndani ya suti yake nyeusi ya kazi, alimwambia mama yake anakwenda kuswali adhuhuri msikiti wa jirani, atarudi kabla watu hawajatoka. Hapo ndipo Demetria alipotoka nje kuja kukagua gari. Alilizunguka mara mbili, kitenge chake kikimeremeta, na aliposimama nyuma akakunja uso.

"Dada, mbona huku nyuma patupu hivi? Mbele maua, nyuma kama gari la mkaa. Mpiga video atakuwa nyuma yao njia nzima."

Munira alimweleza kwamba mumewe amezoea mapambo yakae mbele tu. Sababu yake mwenyewe hakuijua. Marijani alimwambia zamani, siku za mwanzo kabisa, kwamba nyuma pasiguswe, naye akatii bila kuuliza, kama wanawake wa umri wake walivyotii mengi.

"Hela tumetoa kamili," Demetria alisema, bila ukali wowote. "Hatujatoa nusu."

Neno hilo lilimchoma Munira. Katika mkoba alikuwa na mita tatu za satini ya dhahabu zilizobaki kwenye kazi ya watu wengine, kitambaa kizuri kuliko vyote alivyopata kuvikata mwaka ule. Alikitoa. Alikitandaza kutoka chini ya kioo cha nyuma mpaka kwenye bampa, akakivuta kikakaza, akakibana kwa pini na gundi pande zote, na katikati akafunga ua kubwa. Pale chini ya kioo palikuwa na matundu ya bati, marefu na membamba, safu kwa safu. Satini iliyafunika yote vizuri kabisa. Demetria alipiga picha na simu yake, akamshika bega, akasema wangekutana tena kwa harusi ya binti yao. Munira alifurahi, kusema kweli alifurahi sana.

Anwar aliporudi, kengele ilikuwa inalia na watu wamemwagika nje. Alipenya katikati ya vigelegele, akafungua mlango wa mbele, akaketi. Nyuma ya gari hakufika.

Maandamano ya harusi za Dar hayana haraka. Mbele pikapu ya matarumbeta, nyuma yake maharusi, nyuma yao mabasi ya ndugu, taa zote zinakonyeza, na mwendo ni wa mtu anayetembea kwa miguu. Jua la Februari lilikuwa limesimama utosini. Kila kipilefti walichokikuta walikizunguka mara tatu, matarumbeta yakichachamaa, na mpiga video amejitokeza nusu mwili dirishani. Munira alikuwa kwenye basi la pili pamoja na mashangazi wa Gladness, akitazama dhahabu yake inavyong'aa mbele, na alipokea pongezi mbili.

Hawajafika Mwenge, kwenye ukumbi, harufu ikaanza. Kwanza kama mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa jikoni, kisha kali. Anwar aliona taa nyekundu ya oili ikiwaka, akawasha indiketa atoke pembeni, lakini mshereheshaji juu ya pikapu akampungia mkono asonge, asiharibu mpangilio. Alisonga mita mia mbili hivi. Kisha Kobe akatoa mlio mmoja wa chuma kwa chuma, akasimama katikati ya barabara.

Matarumbeta yalichelewa kunyamaza. Gladness alishushwa, gauni lake jeupe likishikiliwa na wasichana watatu lisiguse lami, akasimama juani katikati ya watu wasiomjua waliotoa simu zao wakapiga picha. Mashangazi walisema apelekwe kwenye basi, lakini gauni halikupita mlangoni. Mwishowe alipakiwa kwenye bajaji, na shela ikajitokeza nje ubavuni. Mzee Adelard hakupiga kelele. Alimwendea Anwar akamwambia taratibu kwamba angekuja Mtoni Jumatatu kuonana na mwenye gari, na kwamba mkewe analia.

Munira alipofika, Anwar alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari. Alikuwa hajafungua kifuniko bado. Alikuwa anatazama satini. Kitambaa kilikuwa kimefyonzwa kwenye yale matundu ambamo injini, iliyokaa nyuma, huvuta upepo wake, kimebonyea humo mstari kwa mstari, na ilibidi akibandue kwa kucha. Alikitazama, akamtazama mama yake. Munira aliona uso wa mwanawe ukielewa, na kwa kuuona uso ule naye akaelewa. Miaka thelathini ya maneno ikamrudia kwa mara moja.

"Ndiyo yenyewe?" aliuliza.

Anwar alikunja kitambaa kikawa kidogo, akakitia ndani ya mkoba wa mama yake, akafunga zipu mwenyewe.

"Weka, mama," alisema. "Usikitoe."

*

Kobe alirudi Mtoni akivutwa kwa kamba na pikapu ya watu, na hakuna aibu inayotembea polepole kama gari linalovutwa. Watoto walilisindikiza kuanzia kituoni. Video ilikuwa imeshatangulia, na kijana wa duka la kona alimwuliza Anwar kama bibi harusi alifika salama na bajaji yake.

Mzee Marijani alisimama barazani, Suleiman amemshika mkono. Hakuuliza habari. Aliomba aongozwe mpaka nyuma ya gari, akapapasa kifuniko, akakifungua, na joto likampiga usoni. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha katikati ya vidole viwili, akavisugua, akanusa.

Oili yoyote iliyoungua huwa nyepesi, hilo alilijua kuliko mtu yeyote pale. Lakini alikuwa amekwisha kuihukumu ile oili tangu Alhamisi, na vidole vyake viliona kilichokuwa moyoni mwake.

"Maji ya mchele haya," alisema. "Anwar. Uliweka oili gani?"

Munira alikuwa hatua tatu kutoka kwao, mkoba umebanwa kwapani. Alifungua mdomo. Haapi kwamba angesema, na sisi tusimwapie, ila alifungua mdomo.

"Niliweka ile yangu, baba," Anwar akamtangulia.

"Na yangu iko wapi?"

"Niliwapa jamaa wa bodaboda."

Mzee Marijani alifuta vidole vyake kwenye kanzu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwake. Alisema kwamba alimkataza mbele ya shahidi, na shahidi huyu hapa. Alisema alidhani macho yake yakiisha angekuwa na macho mengine humu ndani, kumbe alikuwa anafuga mtu anayemsubiri apofuke. Sauti yake ilikuwa chini, na hilo ndilo lililotisha.

"Sikulaani. Laana humrudia mzazi. Lakini radhi yangu huna, Anwar. Suleiman, umesikia. Na humu ndani usilale."

Watu wa pwani wanajua uzito wa neno hilo. Mtu hukosa kazi, hukosa nyumba, akaishi. Akikosa radhi ya mzazi, hata swala yake huiswali na wasiwasi. Suleiman alisema taratibu, mzee mwenzangu, subiri kidogo, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Anwar aliinamisha kichwa. Munira alimsogelea mumewe, akamgusa mkono, na katika maneno yote ya dunia ambayo angeweza kuyasema saa ile, akasema: "Baba Anwar, hasira umekatazwa."

Anwar aliingia ndani, akatoka na begi moja dogo. Alipompita mama yake aliubusu mkono wake, ule ule ulioshika mkoba.

*

Jumatatu Mzee Adelard alikuja na nduguye, wakaketi, wakakataa soda. Walirudishiwa fedha zao zote. Fedha hizo Mzee Marijani alizitoa kwenye bahasha ya jicho la pili, lile la kushoto, lililokuwa limepangiwa kufanyiwa Aprili. Adelard alizihesabu mara mbili kwa unyenyekevu, akaomba samahani kwa kuzihesabu.

Anwar hakukaa Kurasini. Mwezi haujaisha alipata kazi ya utingo kwenye lori la kwenda Zambia. Alimpigia mama yake mara moja kwa juma, mchana, akijua baba yake yuko msikitini. Hakuwahi kuitaja satini. Aliuliza mgongo wa mama unaendeleaje, jicho la baba linaendeleaje, akaaga.

Na Munira? Munira alijipatia dawa yake. Aliitafuna kila alipoosha vyombo, kila alipokanyaga cherehani. Dawa yenyewe ni hii: Anwar mwenyewe alikiri. Mtu hakiri jambo asilolifanya. Kama aliweka oili nyepesi kweli, basi oili ndiyo iliyoua injini, na kitambaa ni bahati mbaya tu iliyokutwa pale. Alijua usoni mwa mwanawe alichokiona kule barabarani, lakini uso si ushahidi, na wiki zilivyopita aliukumbuka uso ule kidogo kidogo, kama anavyotaka mtu kukumbuka. Kila siku aliyonyamaza iliifanya siku ya pili yake kuwa ngumu zaidi kusema.

Fundi Albano wa gereji ya Tandika alikuja kuifungua injini pale pale uani, wameiweka juu ya tairi kuukuu. Mzee Marijani alikaa kwenye kigoda na kitambaa chake jichoni, akipokea kila kipande mikononi, akikitaja kwa jina kabla Albano hajakitaja. Pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa imegandana na ukuta wake. Albano aliikwaruza, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii kama imekosa hewa. Feni ilikuwa inazunguka?"

"Feni nzima, mkanda mzima. Ni oili."

"Maana ningesema imezibwa—"

"Ni oili, Albano. Mwanangu mwenyewe kakiri."

Albano akarudi kwenye spana zake. Yeye alikuja kulipwa kwa siku, hakuja kubishana na wazee. Jikoni, Munira aliacha kukuna nazi. Alipoanza tena aliikuna mpaka akafika kwenye kifuu.

Vipuri havikupatikana Dar. Vya Nairobi bei yake ilizidi thamani ya gari zima. Akatokea mtu wa mgahawa wa Kinondoni aliyetaka kulinunua bodi na injini yake mbovu, aliweke nje ya mgahawa wake, apande maua ndani, wateja wapigie picha. Alisema hayo mbele ya Mzee Marijani bila kujua anachokisema. Mzee aliuliza maua gani. Siku tatu baadaye akakubali.

*

Wiki ya sita, kwa kuwa jicho lilichelewa kupona, kitambaa kiliondolewa. Mzee Marijani alirudi kutoka hospitali akitazama kila kitu kana kwamba alikuwa safarini: nyufa za ukuta, mvi za mkewe, herufi kwenye gunia la mchele. Wale wa mgahawa wangefika kesho yake na lori lao. Baada ya swala ya alasiri alienda uani, akakaa mbele ya injini yake, akamwambia Munira amtafutie tambara. Hakutaka Kobe aondoke na uchafu, alisema. Maiti huoshwa.

Munira aliingia chumbani kwa Anwar kutafuta fulana iliyochoka. Alikuwa hajaingia humo tangu siku ile zaidi ya kufagia mlangoni. Aliinama, akaingiza mkono chini ya kitanda, na mkono ukagusa plastiki. Alilivuta. Lilikuwa galoni la buluu.

Lilikuwa zito. Alilitikisa, likajibu kwa uzito wa kitu kilichojaa. Alitazama kizibo. Ile pete ya plastiki inayokatika mtu anapofungua mara ya kwanza ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Alikaa kitandani kwa mwanawe na galoni mapajani. Hapakuwa na dawa tena ya kutafuna. Hakuna bodaboda aliyepewa chochote. Kijana alichukua kidumu cha baba yake siku ya Alhamisi, baada ya ubishi wote ule, akaenda nyuma ya nyumba na kufanya alivyoambiwa. Kisha Jumamosi akasimama mbele ya watu akajivua radhi kama mtu anavyovua shati, akamfunika nalo mama yake. Na mama yake akajifunika vizuri, wiki sita. Munira alilia, si kwa sauti. Alilia kwa aibu, na aibu ile ilikuwa yake peke yake, hakuna wa kumgawia.

Aliponyanyuka hakuchukua fulana. Alienda chumbani kwake, akafungua sanduku, akatoa satini kutoka chini ya nguo zote.

Mzee Marijani alinyoosha mkono bila kugeuka, akapewa kitambaa. Alikuwa ameshakiinamisha kwenye injini alipoona kinavyong'aa. Alikikunjua. Katikati ya dhahabu palikuwa na mistari ya vumbi jeusi, mirefu na myembamba, safu kwa safu, imechorwa sawasawa kama imepigwa rula. Alikitazama kwa jicho lake jipya. Kisha akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye Kobe, akakitandaza chini ya kioo cha nyuma, akakisogeza kidogo kushoto. Kila mstari ukalala juu ya tundu lake.

"Nani aliweka hii?"

"Mie."

"Lini?"

"Siku ile. Tabata. Anwar alikuwa msikitini, hakuona."

"Nani aliitoa?"

"Yeye. Akanipa niweke." Munira aliliweka galoni chini, miguuni pa mumewe. "Na hili lilikuwa chini ya kitanda chake."

Mzee Marijani aliinama, jambo alilokuwa amekatazwa, akapitisha kidole gumba kwenye pete ya kizibo. Alizunguka nacho mara mbili, kama aliyekuwa bado kipofu.

"Wiki sita, Mama Anwar."

"Wiki sita."

"Tumekula sahani moja."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mie?"

Munira alifikiri, kwa kuwa swali lilistahili jibu la kweli. "Hapana. Niliogopa kwamba ni mie."

Hakumpiga, hakumtukana, hakumwuliza zaidi. Ingekuwa nafuu. Alikaa tena kwenye kigoda chake, akamwambia ampigie Anwar.

Simu iliita muda mrefu. Anwar alipokea kwenye foleni ya malori, Tunduma, honi zikilia nyuma yake. Aliuliza kwa hofu kuna nini, maana haikuwa siku yao. Munira alimwambia yuko na baba yake, akaweka simu kwenye spika, akamshikia mumewe karibu na mdomo.

"Shikamoo, baba."

Mzee Marijani hakuitikia. Alikohoa.

"Anwar. Siku ile uliweka oili gani?"

"Ile yangu, baba. Si nilikwambia."

"Galoni lako ninalo hapa. Halijafunguliwa."

Zikasikika honi, na mtu anayemwita dereva kwa jina.

"Basi niambie," mzee akaendelea. "Ile yangu, ya kwenye kidumu. Uliweka lita ngapi?"

"Mbili na nusu, baba," Anwar alisema. "Kama ulivyosema."

Mzee Marijani alilifunika jicho lake kwa kiganja. Alikaa hivyo, na Munira akaendelea kushika simu hewani. Kisha alisema yote kwa pamoja, maneno yakigongana: kwamba radhi amemrudishia, ya dunia na ya akhera, kwamba atamwita Suleiman ashuhudie leo hii hii kama alivyoshuhudia ile, kwamba arudi nyumbani.

"Ahsante, baba," Anwar alisema. Sauti yake ilikuwa ya adabu, kama ya mtu anayeongea na mzee wa mtaa. "Mie nishazoea huku. Inshallah, nitaangalia."

Akauliza jicho linaendeleaje. Akaambiwa zuri. Akaaga.

Munira alilijua neno hilo, nitaangalia. Ndilo alilokuwa yeye mwenyewe akiwaambia watu waliomwalika kwenye shughuli ambazo hakuwa na nia ya kwenda. Alikaa chini, pale pale uani, karibu na tairi. Mzee Marijani aliinuka akaibandua satini mgongoni kwa Kobe, akaichovya kwenye mafuta ya taa, akaanza kuisafisha injini.